Utosi wa Bulandina

3 Machi, Kasese

Muhula umeanza leo, na mvua nayo. Wanafunzi arobaini na wawili, viatu vyote vina tope.

Nimeamua kuandika kila nitakapoweza, na kuandika kwa Kiswahili. Ndiyo lugha ya kambi ya Kilembe, ambako baba yetu, Mwacholi wa kaskazini aliyekuja kuchimba shaba, alitulea mimi na dada yangu Lalam. Nyumbani kwangu hakuna mwingine anayekisoma. Mke wangu, Kusiima, anakisikia sokoni tu.

Kazi yangu ni kufundisha anatomia katika chuo cha waganga wa hospitali hapa mjini. Muhula huu ni zamu ya kichwa: tando za ubongo, vyumba vyake na maji yake. Wanafunzi wa zamani huwaambia wapya kwamba kwa somo hili hakuna anayemfikia Obita. Nimelisikia hilo miaka kumi na moja, na limenipendeza miaka yote kumi na moja.

9 Machi, Jumapili

Tumetoka Bwera kwenye ubatizo wa mtoto wa Lalam. Yeye na mumewe, Kambale, walikaa miaka saba bila mtoto, kwa hiyo watu walijaa hadi barabarani. Kambale ni mwendesha boda boda pale mpakani, na wenzake walipanga pikipiki zao mbele ya kanisa kama gwaride. Mtoto ameitwa Bulandina.

Padri alipomvua kofia ya sufi ili ammwagie maji, niliona. Paji la uso limetokeza mbele. Mishipa ya kichwani imesimama chini ya ngozi. Macho yanatazama chini, na weupe unaonekana juu ya mboni. Ana miezi miwili na siku chache.

Baada ya chakula Kambale alisimama mbele ya wageni.

"Mwezi ya kwanza huyu mutoto alikuwa anakufa na homa," akasema. "Shemeji yangu Obita akakuja, akamupa dawa, mutoto akapona. Kama si yeye, leo hatungekuwa na sherehe."

Wakapiga makofi. Akanipa jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba. Lalam akaniwekea mtoto mapajani. "Mshike, kaka. Ni wako huyu."

Nilimshika. Mkono wangu ulikuwa chini ya kisogo chake, nikahisi uzito. Nikacheka pamoja na watu.

10 Machi

Jogoo amewika tangu alfajiri. Kusiima anauliza tumchinje lini. Nimesema bado.

14 Machi

Somo la tando tatu. Nilichora ubaoni kama kawaida. Nje, chini ya mfupa, ni utando mgumu, mnene kama ngozi ya ngoma. Chini yake ni utando wa buibui, mwembamba, wenye nyuzinyuzi. Wa mwisho ni utando mwororo, unaoshikamana na ubongo wenyewe na kuingia katika kila mkunjo wake. Kati ya huu wa buibui na huu mwororo ndipo maji yanapopita.

Phionah, msichana wa Bwera anayekaa mstari wa mbele, aliinua mkono.

"Mwalimu, mtoto mchanga akipata maambukizi ya tando hizi, shingo inakakamaa kama ya mtu mzima?"

"Mara nyingi haikakamai. Ndiyo maana watu wanakosea. Analia kwa sauti nyembamba, anakataa titi, ana homa. Unagusa utosi."

"Na utosi ukiwa umejaa, umekaza?"

"Huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna kusubiri, hakuna dawa ya kunywa nyumbani."

Wote wakaandika. Sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa.

22 Machi, Jumamosi

Nimekwenda Bwera na futi ya fundi cherehani. Nilimwambia Lalam napita tu.

Mzunguko wa kichwa, sentimita arobaini na tatu. Kwa msichana wa umri huu ingekuwa thelathini na tisa, au karibu na hapo. Nilipima mara tatu, nikitumaini nimekosea.

"Kaka, hii kichwa iko sawa?" Lalam aliuliza. Alikuwa ananiangalia usoni wala si kwenye futi.

"Watoto wengine huwa na vichwa vikubwa."

"Lakini hata macho. Haangalii juu."

"Tusubiri kidogo. Nitampima tena."

Akashusha pumzi, akatabasamu. Akaenda kunipikia chai. Aliniamini papo hapo, kama alivyoniamini utotoni nilipomwambia maji ya mto Nyamwamba ni ya magoti tu.

23 Machi

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Kusiima tumbo linauma. Acha niandike yote leo, maana kama siwezi hata kuandika, sijui nitaweza nini.

Ilikuwa tarehe 28 Januari. Lalam alinipigia simu saa nne asubuhi, akasema mtoto ana moto na anakataa kunyonya tangu jana. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Siku iliyofuata wakaguzi walikuwa wanakuja chuoni, na mkuu alikuwa amenichagua mimi kufundisha mbele yao. Nilipanda gari hadi Bwera nikiwa na hasira, naliona hilo sasa. Nilikuwa nahesabu saa.

Nilimkuta Kambale ameshawasha pikipiki, tayari kumpeleka mtoto hospitali. Hospitali iko karibu na kwao. Wangefika kabla chai haijapoa. Nikamwambia azime. Nilisema, "Ngoja nimwone kwanza." Nilitaka wao waone kwamba mimi ndiye ninayeamua.

Mtoto alikuwa analia kilio chembamba, kama cha paka. Nikamgusa utosi. Ulikuwa umejaa. Ulikuwa umekaza chini ya vidole vyangu viwili. Hivi vidole vimegusa mamia ya tosi za watoto, na vilinieleza bila kuficha. Nikajiambia ni kwa sababu analia. Mtoto akilia utosi hujaa. Ni kweli hujaa. Lakini mtu husubiri anyamaze, halafu anagusa tena. Sikusubiri. Saa ilikuwa saba na gari la kurudi Kasese lilikuwa linajaza.

Nilimpa dawa ya maji ya kuua vijidudu, ile ya kikohozi cha watoto, na ya kushusha homa. Nikasema ni mafua.

"Tusiende hospitali?" Kambale aliuliza.

"Mkapange foleni kwa ajili ya mafua?"

Alizima pikipiki.

Homa ilimtesa siku tisa, ikashuka pole pole. Wakasema nimemponya. Sasa najua kilichotokea ndani, kama ninavyokijua kiganja changu. Usaha uliziba mfereji mwembamba kati ya chumba cha tatu na cha nne. Maji yanaendelea kutengenezwa, kutoka hayatoki, na mifupa ya mtoto haijashikana, kwa hiyo kichwa kinapanuka na ubongo unasukumwa kwenye kuta.

Wakaguzi walinisifu sana.

30 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Jogoo amechinjwa. Sikula.

5 Aprili

Arobaini na tano. Sentimita mbili kwa wiki mbili. Anatapika.

Lalam hatoki tena nyumbani bila kumfunika mtoto shuka zima, uso na kila kitu. Amehamisha meza yake ya sabuni na chumvi hadi mwisho wa soko, ambako hapiti mtu. Kambale alinisindikiza hadi steji, akazungumza bila kunitazama.

"Shemeji, watu banasema. Wenzangu banasema kama Lalam alileta kitu ya kwao kule kaskazini. Mama yangu naye anasema mutoto hivi haijaonekana mu jamaa yetu. Anataka Lalam aende kwake Mahango, kule mulimani, bamuogeshe mutoto na dawa ya majani. Kisha bataona kama mutoto anabaki ao anarudi kwa bababu zake."

"Lalam hana kosa," nikasema.

"Basi kosa ni ya nani?"

Gari likaja. Nikapanda. Nilikuwa na nafasi ya kujibu kabla mlango haujafungwa, na niliitumia kutafuta kiti.

6 Aprili

Nimemwambia Kusiima. Tulikuwa tunachambua maharage barazani. Nilisema yote, hata utosi, hata wakaguzi. Aliendelea kuchambua muda mrefu.

"Sasa unajisikia nafuu?" akauliza.

"Kidogo."

"Hapo ndipo ulipokosea tena. Umeniambia mimi. Mimi si Lalam."

Akachukua ungo wake akaingia ndani. Hajanifokea. Afadhali angenifokea.

8 Aprili

Nilishika simu mara mbili. Sikupiga.

11 Aprili

Leo ilikuwa vyumba vya ubongo. Viwili vikubwa pembeni, vimepinda kama pembe za kondoo. Cha tatu katikati, chembamba. Cha nne nyuma, juu ya shina la ubongo. Nilipaka maji kwa chaki ya buluu: yanatengenezwa vyumbani, yanashuka, yanapita mferejini, yanatoka na kuuzunguka ubongo wote chini ya utando wa buibui, kisha yanarudi kwenye damu. Kwa mtu mzima, kama nusu lita kila siku.

Nikauliza, "Mfereji huu ukizibwa?"

Phionah akasimama. "Kichwa cha mtoto kinakua, mwalimu. Mimi nimemwona mmoja wiki iliyopita kwetu Bwera. Mama anauza sabuni mwisho wa soko, mtoto kamfunika. Shuka lilipeperuka nikaona. Nilimwomba ampeleke hospitali hata leo. Akakataa."

"Kwa nini alikataa?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Alisema kaka yake ni mganga mkubwa hapa Kasese, na kaka amesema wasubiri. Alijivunia kabisa. Mwalimu, huyo kaka ni mganga wa namna gani?"

Darasa likacheka. Baadhi wakasema atakuwa ni mwuza dawa wa mitaani anayejiita daktari.

Chaki ilikuwa mkononi mwangu. Nilisema, "Atakuwa hajui," nikageuka ubaoni na kuendelea kupaka buluu mahali palipokwisha kupakwa. Hata pale, mbele ya watoto wasiojua lolote, nilimtetea yule kaka.

Baada ya kipindi nilikwenda kwa mkuu kuomba ruhusa ya wiki tatu.

12 Aprili, Jumamosi

Nimekaa kwenye ukumbi wa nyumba ya mama yake Kambale, Mahango. Naandika nikisubiri Lalam afunge vitu vyake.

Asubuhi nilifika Bwera nikakuta mlango una kufuli. Jirani akasema wamepelekwa mlimani tangu Alhamisi. Barabara ya Mahango ilikatwa na maporomoko, boda boda akaniacha njiani, nikapanda kwa miguu kwa muda wa saa mbili na nusu, tope hadi kwenye vifundo. Nilianguka mara tatu. Niliona ni haki.

Mama yake Kambale anaitwa Rusi. Alikuwa jikoni anachemsha majani. Lalam alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, peke yake na mtoto, upande wanakofunga mbuzi. Aliponiona aliinuka haraka.

"Kaka! Umekuja kunitetea?"

Nilimwomba Rusi na Kambale waje tukae wote. Rusi alikuja akipangusa mikono, akaniita dokta, akatandika mkeka. Nilikataa kukaa.

"Mtoto huyu hakurogwa," nikasema. "Wala Lalam hakuleta kitu kutoka kwao. Ile homa ya Januari haikuwa mafua. Ilikuwa homa ya tando za ubongo. Nilimgusa utosi nikajua kuna hatari, na nikamzuia Kambale asimpeleke hospitali kwa sababu nilikuwa na haraka na kazi yangu. Ile homa iliziba njia ya maji kichwani. Siku ya ubatizo niliona. Nilipompima niliona. Nikasema tusubiri. Nilikuwa naogopa mtajua."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

Kambale ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini. "Pikipiki ilikuwa inawaka."

"Ndiyo."

"Ulisema nizime."

"Ndiyo, shemeji."

Alitoka nje kwenye mvua, akasimama na mgongo kwetu.

Rusi alimtazama Lalam, akatazama kigoda nyuma ya nyumba. Alikwenda mwenyewe akakileta ndani, akakiweka karibu na moto. "Kaa hapa, binti yangu," akamwambia. "Mutoto anasikia baridi."

Lalam hakukaa. Alikuja hadi nilipo. Nilidhani atanipiga, na nilitamani.

"Nilipokuuliza kama kichwa iko sawa," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mimi nimeomba Mungu anisamehe. Kila siku. Nilidhani ni mimi. Nilikuwa nahesabu dhambi zangu, kaka, hata za shule." Akamtazama mtoto. "Kuna dawa?"

"Kuna upasuaji, Mbale, upande wa pili wa nchi. Wanatoboa njia mpya ya maji ndani ya kichwa. Ubongo ulioumia hauwezi kurudishwa, lakini kichwa kinaweza kuacha kukua."

"Leo tunaweza kuanza?"

"Leo."

"Basi beba mizigo," akasema. "Mtoto usimguse."

14 Aprili, Mbale

Tumefika. Siku mbili njiani, tumelala Kampala kwa binamu yake Kambale. Kambale na Lalam walipokezana mtoto. Mimi nilibeba mikoba.

15 Aprili

Muuguzi wa mapokezi, mama wa makamo, alikuwa anaandika historia ya mtoto. Hakujua Kikonzo, lugha ya kina Kambale, wala Kiacholi, na Lalam Kiingereza kinamshinda, kwa hiyo walizungumza Kiswahili.

"Aliugua homa akiwa na umri gani?"

"Wiki tatu."

"Alitibiwa wapi?"

Lalam akanigeukia, akangoja. Chumba kilikuwa kimejaa akina mama, kila mmoja na mtoto mwenye kichwa kama cha Bulandina. Katika mji mzima wa Bwera tulikuwa tunamficha mmoja, na hapa walikuwa thelathini, hawajafunikwa.

"Alitibiwa nyumbani," nikasema. "Na mimi. Kwa dawa ya kunywa."

"Wewe ni nani kwa kazi?"

"Mganga. Nafundisha waganga."

Kalamu yake ilisimama kidogo, kisha ikaandika. Hakunikemea. Nadhani ameandika sentensi kama hiyo mara nyingi.

17 Aprili

Picha zimetoka. Daktari alituonyesha: vyumba vimetanuka, ubongo umebaki kama ganda pembeni. Mimi huchora vyumba hivyo vidogo. Sijawahi kuvichora hivi.

22 Aprili

Wamempasua leo. Waliingiza kamera nyembamba kupitia utosi wenyewe, wakashuka hadi chumba cha tatu, wakatoboa sakafu yake ili maji yapate mlango mwingine. Wakachoma na sehemu ya tishu inayotengeneza maji. Ilichukua muda mfupi kuliko kipindi changu kimoja.

Kambale aliniletea chapati nikiwa nje. Aliiweka kwenye benchi akaondoka.

28 Aprili

Utosi umelegea. Lalam alimwita muuguzi, akamwita na Kambale. Mimi nilisikia kutoka mlangoni.

29 Aprili

Jicho la kushoto halifuati mwanga. Daktari anasema mshipa wa jicho umebanwa muda mrefu mno. Wiki zina maana kubwa kwa mtoto mchanga. Lalam aliuliza wiki ngapi. Daktari akasema hawezi kusema. Mimi ninaweza. Kuanzia ubatizo hadi tulipofika Mbale ni wiki tano na siku moja.

5 Mei, Kasese

Nimerudi kazini. Mto Nyamwamba umefurika tena, daraja la watembea kwa miguu limezolewa na maji. Nilimweleza mkuu kila kitu, nikasema yuko huru kuniondoa. Alifunga mlango, akasema kila mganga ana kaburi lake moja moyoni, nisijitese, nisimweleze mtu mwingine. Alinishika bega. Nilitoka pale nikiwa na aibu zaidi.

9 Mei

Nimewaeleza wanafunzi. Sikutaja jina la mtoto. Nilichora vyumba vilivyotanuka, nikaandika tarehe pembeni: homa, utosi, ubatizo, futi, Mbale. Kisha nikasema, "Yule kaka wa Kasese mliyemcheka alijua. Ni mimi."

Phionah alikuwa ameinamia daftari lake. Aliuliza, bila kuinua uso, "Mwalimu, uliponijibu kwamba hajui, ulikuwa unamdanganya nani?"

Nilimwambia sijui. Akaandika hata hilo.

20 Mei

Mvua.

7 Juni

Kusiima amekwenda Bwera. Amerudi akasema Lalam anauza sabuni mwanzo wa soko, mtoto yuko mgongoni, kichwa wazi. Kimebaki arobaini na saba. Mtu akikodoa macho, Lalam anamwuliza anataka sabuni ngapi. Rusi huteremka kutoka mlimani kila Ijumaa kumshika mjukuu.

"Alikuuliza habari zangu?"

"Hapana," Kusiima akasema. "Lakini alinipa sabuni, akasema hii ni ya nyumba yenu."

18 Juni

Kambale amepiga simu. Tarehe 26 mtoto anatakiwa Mbale kwa uchunguzi, na yeye ana kesi ya pikipiki na hawezi kusafiri. Akasema, "Lalam anauliza kama utabeba mizigo."

26 Juni, Mbale

Safari yote tulizungumza machache: dirisha, maji ya kunywa, mtoto amelala. Bulandina ana miezi mitano na nusu. Kichwa hakijaongezeka hata nusu sentimita. Anashika kidole. Akiitwa upande wa kulia anageuka. Kushoto anasikia tu.

Muuguzi hakuwa yule wa kwanza. Alikuwa kijana, ana fomu mpya, anauliza haraka haraka. Jina la mtoto. Jina la mama. Kisha akaninyooshea kalamu.

"Na huyu uliyekuja naye? Ni nani wa mtoto?"

Lalam alikuwa anamfunga mtoto nepi. Mikono yake ikasimama. Nilingoja aseme, kwa sababu ni yeye mwenye haki ya kusema. Muuguzi akainua uso kutoka kwenye fomu.

"Mwambie mwenyewe," Lalam akasema.

"Mjomba," nikasema. Ilitoka kama sauti ya mtu anayeomba.

Muuguzi akaandika. Nilimtazama dada yangu. Angeweza kusema hapana, kalamu bado ilikuwa juu ya karatasi. Akamaliza kufunga nepi, akamwinua Bulandina begani, na akasogea kidogo kwenye benchi ili nipate mahali pa kukaa.